Buibui wa milimita 5: Raynox, kugeuza lenzi, tyubu au makro kamili?

Kunguru_Moro
Wakuu habari za jioni. Nina Canon ya zamani yenye sensa ndogo (kipande kinachopokea picha), lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo na 55-250 ya mtumba. Nataka kupiga buibui wadogo, hasa wale warukaji wanaowinda nzi ukutani na madirishani. Wengi hawafiki hata sentimita moja. Lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, kwa sasa siiwezi. Nimebaki na tyubu za kurefusha (zinakaa kati ya kamera na lenzi), pete ya kugeuzia lenzi ikae nyuma mbele, au Raynox DCR-250, kile kioo cha kubana mbele. Mliotumia, ipi inalipa?

Lenzi_Mtumba
Kama unayo 55-250, chukua Raynox usijisumbue. Kioo kile kina dayopta 8, yaani urefu wake wa fokasi ni milimita 125. Gawanya 250 kwa 125 unapata 2, yaani mdudu anakaa kwenye sensa kwa mara 2 ya ukubwa wake. Buibui wa milimita 5 anakaa kwenye milimita 10 za sensa yenye upana wa 22, karibu nusu ya picha. Na unabaki na sentimita 11 au 12 kati yako na yeye, ambazo kwa mrukaji ni muhimu kuliko chochote. Ukimtaka mzima rudisha zumu 100, ukitaka macho nenda 250. Klipu inashika lenzi za uzi wa milimita 52 hadi 67, kwa hiyo yako yenye uzi wa 58 inaingia.

Nyuki254
Mimi nabaki kwa kugeuza. Pete ni bei ya chini sana, na hiyo 18-55 ikigeuzwa ikiwa kwenye 18 inapita mara 3. Raynox na 250 yako haifiki hapo. Ubaya wake ni kwamba unamsogelea mdudu hadi sentimita chache, halafu kioo cha nyuma kinabaki wazi, vumbi lote lake.

Kuhusu tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ambalo kamera hailitawali tena lenzi ikigeuzwa, kuna ujanja. Funga lenzi kawaida, weka f/8 (namba ikipanda tundu linakuwa dogo), bonyeza kitufe cha kukagua kina cha fokasi, na ukiwa bado umekibonyeza, chomoa lenzi. Tundu linabaki palepale. Kuanzia hapo utaona giza kwenye dirisha la kamera, kwa hiyo tafuta tochi ndogo.

Lenzi_Mtumba
@Nyuki254 kwa buibui aliyekufa sawa. Aliye hai ukimfikia sentimita nne yuko upande wa pili wa ukuta.

Nyuki254
Inategemea na subira ya mtu, bro 😄

Bi_Makro
Tyubu ziacheni kwenye kesi hii. Milimita 50 za tyubu nyuma ya lenzi ya 50 zinakuongezea ukubwa wa 1 kwa 1, yaani ukubwa halisi wa mdudu kwenye sensa, lakini nyuma ya 250 unaongeza moja ya tano tu. Muuliza swali hana lenzi ya 50 isiyo na zumu.

Ila mnabishana vioo na mwanga hakuna aliyeugusa. Ukiwa mara 2 kwa f/8 kwa tyubu au lenzi iliyogeuzwa, mwanga unaofika kwenye sensa ni mdogo, kama wa f/24; Raynox haili mwanga hivyo. Ila kwa njia yoyote sehemu inayoonekana kali haizidi robo ya milimita, ukipata macho miguu inapotea. Bila flashi hutoki. Flashi tupu nayo inaharibu: yale macho mawili makubwa ya mbele yanabaki na vidoa viwili vyeupe vikali, mwili unang'aa kama umepakwa mafuta. Weka karatasi nyeupe ya kuokea au plastiki ya maziwa kati ya flashi na mdudu, pana na karibu naye iwezekanavyo. Picha ya Raynox yenye mwanga laini inaishinda ya lenzi ya bei mbaya yenye flashi tupu, hilo sina shaka nalo.

Halafu tazameni macho hayo yakiwa makubwa kwenye skrini. Lenzi ya jicho la mrukaji haizunguki, kinachosogea ni retina ndani yake. Kwa walio na rangi hafifu utaona jicho likiwa jeusi anapokuangalia, na likififia akitazama kando. Subiri liwe jeusi ndipo upige.

Mvuvi_Mbita
Huku ziwani tuna Evarcha culicivora, yule anayependelea mbu jike aliyeshiba damu. Yuko pande za Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, na ni wa milimita 5 hivi, dume ana uso mwekundu. Natumia makro ya 100 ya kawaida ya 1 kwa 1 na ukweli ni kwamba ikiwa peke yake haitoshi kwa huyu, hajazi hata robo ya upana wa picha. Nimeishia kuibania Raynox hiyohiyo mbele. Kwa hiyo Kunguru usijione umekosa sana.

Juma_wa_Simu
Simu je? Yangu imeandikwa makro megapikseli 2.

Bi_Makro
Hiyo ni pambo la kwenye boksi, mdogo wangu. Klipu ya lenzi juu ya kamera kuu ya simu itakupa picha nzuri zaidi.

Kunguru_Moro
Nimeelewa, naenda na Raynox na karatasi ya kuokea. Fokasi niiache otomatiki?

Lenzi_Mtumba
Zima. Egemeza mkono wa kushoto kwenye ukuta uleule alipo buibui, kisha yumba mbele na nyuma kidogo huku ukipiga mfululizo. Mpe flashi nafasi ya kujaa, vinginevyo kila picha ya pili itatoka nyeusi. Akirukia lenzi usimpulize, mwekee kijiti atapanda mwenyewe.