strncpy ni salama kweli?

Wakuu naomba kuuliza, kwenye lugha ya C kila mtu anasema strcpy (ya kukopi maandishi) hatari tumia strncpy (yenye kikomo cha herufi), sasa mbona nikikopi jina refu kwenye char a[8] (nafasi ya herufi 8) printf inaleta takataka mwishoni?

— Mkuu strncpy haiweki '\0' (sifuri ya kuonyesha mwisho wa maandishi) kama jina limejaza nafasi yote, printf inaendelea tu kusoma memori mpaka ikutane na sifuri. Tumia snprintf(a, sizeof a, "%s", jina), hiyo inaweka '\0' yenyewe.

— Au strlcpy, ya OpenBSD (mfumo endeshi) tangu 1998, glibc (maktaba ya C ya Linux) wameiweka 2023.

— Na ukitumia malloc (kuomba memori) ni strlen(jina)+1, yaani urefu wa jina na nafasi ya '\0', hiyo moja inasahaulika sana jamani! Halafu p = realloc(p, n) (kubadili ukubwa wa memori) achana nayo kabisa, ikirudisha NULL (yaani imeshindwa) anwani ya zamani ndo imepotea, weka jibu kwenye pointa nyingine (kigezo cha kushika anwani) kwanza ucheki.

— Asanteni, snprintf imekubali.