Skafu ya riwaya: kila sura na mkanda wake, hesabu zinakaaje?

msomaji_wa_usiku

Wadau wa sindano, habari zenu. Nataka kufuma skafu inayofuata A Tale of Two Cities ya Charles Dickens (1859). Kila sura iwe na mkanda wake, London rangi moja na Paris nyingine, na mahali fulani kuwe na neno la siri, maana mle ndani Madame Defarge hufuma majina ya maadui zake kwenye kazi yake. Uzi ni wa sufu, unene wa kati, mita 220 hivi kwa gramu 100. Sindano ni za milimita 4. Upana nautaka sentimita 20, urefu 180.

Nianze na vitanzi vingapi, kila sura ipate safu ngapi, na ninunue uzi kiasi gani? Jambo jingine: sampuli ya fumo laini (safu ya mbele kawaida, safu ya nyuma kinyume) inajiviringisha pande zote, na pasi haijasaidia kitu.

fundi_matuta

Pasi haitasaidia, iweke kando. Kwenye fumo laini vitanzi vyote vimeelekea upande mmoja, kwa hiyo kingo za pembeni hujikunja kwenda nyuma, na za juu na chini hujikunja kuja mbele. Ukiilowesha na kuibana kwa pini italala, ila ukishaivaa mara mbili tatu inarudi ilikokuwa. Fuma matuta, yaani kawaida safu zote, mbele na nyuma. Pande mbili zinasawazishana na skafu inalala yenyewe.

Sasa hesabu. Riwaya hiyo ina vitabu vitatu ndani yake: sura 6, kisha 24, kisha 15. Jumla 45. Kwa uzi huo na sindano za milimita 4, matuta hutoa takriban vitanzi 22 na safu 40 kwa kila sentimita 10. Kwa hiyo upana ni vitanzi 44. Sentimita 180 ni safu 720, ukigawa kwa 45 unapata safu 16 kila sura, kamili bila baki. Yaani matuta 8, sentimita 4. Kitabu cha kwanza kitakuwa sentimita 24, cha pili 96, cha tatu 60. Hesabu matuta, usihesabu safu: tuta moja ni safu mbili, na macho hayachoki. Funga kiuzi cha rangi ya ajabu pembeni kila sura inapokwisha.

Mkono wako unaweza kuwa mzito au mwepesi kuliko vipimo hivyo, kwa hiyo fuma sampuli ya sentimita 20 kwa 20, ioshe, ikaushe, ndipo uipime. Kupima kabla ya kuosha ni kazi bure, hasa kwa sufu iliyotibiwa isirudi kwa mashine, kwani hiyo hulegea ikilowa. Kisha ipime uzito. Skafu yako ni sampuli hiyo mara 9: ikiwa na gramu 25, kazi nzima ni 225, na uongeze sehemu moja ya kumi. Ningechukua mabonge 3 ya gramu 50 kwa kila rangi, yote ya namba moja ya kundi la rangi, yaani yaliyotiwa rangi pamoja kiwandani. Bonge la kundi jingine linaonekana palepale, hata kama dukani yalifanana.

Anza vitanzi kwa sindano ya milimita 5, ufume kwa ya 4, ufunge tena kwa ya 5. Mwanzo uliokazwa huifanya skafu ibane mwishoni na kutanuka katikati.

rangi_na_nyuzi

Mkuu hapo juu kamaliza hesabu, naongezea rangi.

Badilisha rangi upande wa mbele tu, kwenye safu zenye namba ya witiri. Ukibadilisha upande wa nyuma, mbele panatokea mstari wa vidoti vya rangi mbili. Kwa kuwa sura ni safu 16, kila sura inaanzia mbele yenyewe, ilimradi usipoteze safu.

Usiogope ncha 90 za kuficha. Sura za mji mmoja mara nyingi hufuatana, na kitabu cha tatu ni Paris karibu chote, kwa hiyo mabadiliko hayakaribii 45. Ila hapo kuna tatizo jingine: sentimita 60 za rangi moja, sura hazitofautiki. Dawa yake haihitaji uzi wa ziada. Safu ya 16 ya kila sura, ambayo iko upande wa nyuma, ifume kinyume badala ya kawaida. Mbele unapata mfereji laini kati ya matuta, na nyuma unatokea ukingo mnene kidogo. Skafu itarefuka kiasi, si cha kukusumbua.

Kitabu cha kwanza, sura ya 1 hadi ya 3, ziko katikati ya nchi mbili au barabarani, kwa hiyo badilisha rangi kila safu 2. Sura ya 4 ni Dover, bandari ya Uingereza, ipe rangi ya London. Ya 5 na 6 ni Paris. Hapo mwanzo wa sura ya 5 ndipo pipa la divai linapopasuka barabarani na watu wanachota kwa mikono. Weka tuta moja jekundu kwenye safu ya 67 na 68. Mita 2 na nusu za uzi zinatosha, pamoja na ncha. Moja tu. Ukianza kutia nyekundu kila panapomwagika damu, kitabu cha tatu kitakushinda.

Uzi unaosubiri usiukate kama unarudi baada ya sura moja. Upandishe pembeni, ukiuzungusha na uzi unaofuma kila safu 2, bila kuuvuta. Ukivuta, upande huo unafupika na skafu inapinda. Na kama unapandisha uzi, usiruke kitanzi cha kwanza cha safu. Ukingo wa mnyororo unaotokana na kuruka huko ni mzuri kwa rangi moja, kwa rangi mbili unachafuka.

Kabla ya kununua, weka mabonge pamoja uyapige picha ya simu isiyo na rangi. Yakitoka kijivu kilekile, mikanda haitaonekana kwa mbali hata kama moja ni bluu na jingine kahawia.

nukta_na_kistari

Mimi naja na neno la siri. Wengi hukosea hapa: huandika nukta za Morse (mfumo wa kuandika kila herufi kwa nukta na vistari) kwa vitanzi vya kinyume juu ya matuta, halafu haionekani kitu, maana matuta yenyewe ni vinundu vitupu. Maandishi yanahitaji fumo laini nyuma yake.

Mahali pake papo tayari. Kwenye kitabu cha pili, sura ya 15 na 16 vichwa vyake vinahusu ufumaji wenyewe. Kwa mpango wa safu 16, zinaanza sentimita ya 80 na kuishia ya 88, na hapo skafu inakaa nyuma ya shingo. Kwa siri pazuri, kwa kujionyesha pabaya, chagua mwenyewe.

Acha vitanzi 5 vya matuta kila upande, katikati vibaki 34 vya fumo laini. Nukta ni kitanzi 1 cha kinyume, kistari ni 3. Kati ya alama acha 1, kati ya herufi acha 3. Neno SIRI linakula 5+3+3+3+7+3+3, yaani 27, linabaki nafasi ya 7. Liandike kwenye safu ya 3, 7, 11, 15 na 19 za kipande hicho. Zikikaribiana zaidi ya hapo vinundu vinavutana na kufumbana.

Kumbuka safu ya mbele inafumwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ukitaka isomwe kutoka kushoto, anza na herufi ya mwisho, na kila herufi uigeuze. S, I na R hazibadiliki zikigeuzwa, ila A inakuwa N.

Fumo laini ni refu kuliko matuta, safu 28 kwa sentimita 10. Kwa hiyo sura hizo mbili zinahitaji safu 22, si 32. Lakini kingo za matuta kwa safu 22 ni fupi, zitakunja kipande kama mfuko. Kila baada ya safu 4, fuma vitanzi 5 vya ukingo, zungushia uzi kitanzi cha 6, geuka, rudi, ndipo uendelee na safu nzima. Fanya hivyo pande zote mbili mara 5, kingo zitafika 32. Usipozungushia uzi hicho cha 6, panabaki tundu.

msomaji_wa_usiku

Asanteni sana, wakuu. Swali la mwisho: tuta jekundu likiwa jirani na rangi ya maziwa, halitachuja?

rangi_na_nyuzi

Linaweza. Lowesha kipande cha uzi mwekundu, kifinye ndani ya kitambaa cheupe kwa dakika chache. Kitambaa kikipata rangi, osha uzi huo peke yake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo hadi maji yatoke safi, kabla ya kuufuma. Ukiendelea kuchuja, badilisha uzi. Skafu ikishakamilika, ioshe kwa maji baridi, usiiache ikiloweka, na uikaushe ikiwa imelazwa. Ncha zifiche baada ya kuosha, kila moja uwe umeiachia sentimita 15, uende mbele kisha urudi.