Kijana wenu akipata skolashipu ya riadha Marekani, ulizeni kwanza: asilimia ngapi?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Mdogo wangu ni mtu wa mita 5,000 na 10,000. Mwaka 2023 kocha wa chuo kimoja Marekani (sikitaji, kijana bado anasoma pale) alimpigia simu ya video akamwambia amepata skolashipu. Nyumbani Mbulu mama akapiga vigelegele, majirani wakajaa uani. Barua ilipokuja niliisoma mara tatu, kidole kimeganda kwenye mstari mmoja: asilimia 70. Gharama za mwaka dola 32,000. Yaani tutafute wenyewe dola 9,600, zaidi ya milioni 23 za kwetu, tena taarifa ya benki ionekane kabla chuo hakijatoa fomu ya I-20, na bila fomu hiyo hakuna viza. Mzee akauza ng'ombe sita, ukoo ukachanga, bado tukakopa.

Huu mgawanyo ni wa namna gani? Kwa sheria za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zilizotumika mpaka 2025, timu ya wanaume ya daraja la kwanza ilikuwa na fungu la skolashipu kamili 12.6, ya wanawake 18. Basi. Mita 100, kuruka juu, tufe, mkuki, mbio ndefu na mbio za nyika, wote wanakula sufuria moja. Kocha anakata atakavyo: huyu kamili, huyu robo, yule pesa ya vitabu tu. Wakati huohuo futiboli yao ya Kimarekani kwenye vyuo vikubwa ilikuwa na 85, na kila moja kamili, haikatwi!

Halafu angalia nani anafanya kazi. Mtu wa mbio fupi hagusi nyika. Wa mbio ndefu anakimbia nyika Septemba mpaka Novemba, baridi ikiingia anahamia mashindano ya ukumbini, kisha uwanjani mpaka Juni. Misimu mitatu kwa kipande kilekile cha pesa. Kwenye nyika wanahesabiwa watano wa kwanza wa timu, na mdogo wangu alikuwa wa tatu, kilomita 8 za matope. Kwenye mashindano ya kanda alikimbia 10,000, siku mbili baadaye 5,000, na kote alileta pointi.

Mwaka wa pili ikaja barua nyingine: asilimia 50. Kocha amemleta kijana wa miruko mitatu, fedha zimehamia huko. Kumbe mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, na sisi kwa ile furaha mstari huo tuliupita. Sasa tunadaiwa dola 16,000 kwa mwaka.

Mwenzake Mmarekani akipunguziwa anakimbilia ruzuku na mikopo ya serikali yao. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa nje, hana mlango huo. Akifanya kazi ni ndani ya chuo, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mdogo wangu anaosha masufuria bwaloni mpaka saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi yuko barabarani kwenye kilomita 16. Alinitumia picha ya vidole vyake vimechubuka kwa sabuni. Mama sijamwonyesha.

Na msiniambie mambo yamebadilika. Ndiyo, Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ile ya wanamichezo wa vyuo walioishtaki NCAA, na vyuo vilivyojiunga havibanwi tena na ile 12.6. Kuna kikomo cha idadi ya wanamichezo: 45 riadha, 17 nyika. Lakini kuruhusiwa kutoa siyo kulazimishwa kutoa. Pale kwake haijaongezwa hata senti, ila waliozidi idadi wameondolewa kikosini, wawili ni wa mbio ndefu.

Na nyie mawakala wa huku mnaobandika picha za vijana wakiwa uwanja wa ndege, "amepata skolashipu", mbona asilimia hamuitaji? Mnaijua!

Wenye vijana huko, wekeni hapa: mwaka wa kwanza ngapi, wa pili ngapi, mbio gani. Naanza mimi: 70, 50, mita 10,000.