Refa kanizuia kisa kipini

Jamani, Jumamosi kwenye ndondo refa kanikatalia kuingia kisa kipini cha pua. Nimetoga wiki mbili tu, nikikitoa tundu linaziba. Nikabandika plasta, bado kagoma! Hajanionea?

— Hajakuonea, dada. Sheria ya 4 ya soka, toleo la 2024/25, ilisema: mapambo yote yanavuliwa, kuyafunika kwa plasta hairuhusiwi. Hata vile vikuku vya mpira.

— Na pete ya ndoa? Wife ataninunia.

— Mwachie yeye akushikie, kaka. Paulo Diogo, mchezaji wa timu ya Servette ya Uswisi, 2004, alirukia uzio kushangilia goli, pete ikanasa. Aliposhuka, kipande cha kidole kimebaki huko. Na kadi ya njano akalambwa!

— Mh! Basi nakaa benchi mpaka pua ipone, bado inatoa majimaji.