PVC, jipsam au silingi bodi: nyumba ya Kigamboni, dari gani?

mpauaji_kgb: Wakuu habari. Nimeshapaua, sasa nimekwama kwenye dari. Fundi wangu ni wa jipsam, kwahiyo ukimuuliza lolote jibu ni jipsam, shemeji yangu naye kaweka PVC (zile dari za plastiki) nyumba nzima anajisifu hapaki rangi wala nini. Bahari iko karibu, na masika bati halikosi pa kuvujia. Nipeni ulinganisho wa kweli sio ule wa dukani.

MamaTwins: Choo na jiko usiumize kichwa, weka PVC. Mvuke hauifanyi kitu, mafuta yakiruka unafuta na sabuni basi. Jipsam ikivujiwa kidogo inachora ramani ya kahawia, ikivujiwa sana bodi inalegea inashuka yenyewe.

fundi_branda: Mi napiga zote. PVC shida yake joto, inaanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, joto la darini mchana kwa kawaida halifiki huko lakini taa za zamani zinazochoma zinafika, weka LED tu. Halafu inatanuka, kipande cha mita 6 joto likipanda nyuzi 20 kinarefuka karibu milimita 8, sasa fundi akikibana ukuta kwa ukuta mchana kinapinda kama upinde na wewe unasema PVC mbovu kumbe hajaacha nafasi. Baraza linalopigwa jua chukua nyeupe, rangi za giza zinavuta joto. Na skrubu ziwe za kuzuia kutu, huko kwenu chumvi haina huruma.

Kelvo255: Silingi bodi je, zile bodi za nyuzi za mbao, si bei rahisi?

MamaTwins: 😂😂 popo wakikojoa siku moja dari yote madoa. Sahau.

mzee_wa_kazi: Hamjagusa moto. Jipsam karibu sehemu ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa humohumo ndani, moto lazima uyachemshe kwanza ndo upite. PVC yenyewe haishiki moto kirahisi maana zaidi ya nusu ni klorini, ila ikiungua inatoa gesi ambayo ikikutana na unyevu wa macho na koo inakuwa asidi. Vyumba vya kulala mimi siweki.

Kelvo255: Mzee hiyo PVC ndo ileile ya sofa za leza, ngozi ya bandia?

mzee_wa_kazi: Ndiyo mjukuu wangu, hata mabango ya barabarani. Ya sofa imetiwa kilainishi, kikitoka taratibu na jua leza inakakamaa inapasuka. Ya dari ni ngumu, haina habari hizo.

mpauaji_kgb: Shukrani wakuu. Choo, jiko na baraza PVC, sebule na vyumba jipsam. Ila jiko langu na sebule hakuna mlango katikati, pale zinapokutana namalizia na nini?

fundi_branda: Shusha boksi la jipsam upande wa sebule, PVC iishie pale na kona yake ya kumalizia ukingo. Ila rekebisha bati kwanza mkuu.