Betri ya foklifti imekufa kwa ubahili wa meneja, halafu eti sisi madereva tukatwe mshahara!

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Nina hasira, nikikosea herufi mnivumilie.

Naendesha foklifti ya umeme, ile mashine ya kunyanyulia mizigo kwa uma, kwenye ghala la kufungasha parachichi huku Mbeya. Kampuni siitaji, bado nakula hapo. Jana asubuhi tumekuta tangazo ukutani: betri imekufa "kwa uzembe wa madereva", gharama yake tunagawana watatu, itakatwa kwenye mshahara. Betri ya foklifti jamani! Nikiuza pikipiki yangu na kung'oa bati za nyumba bado sifiki hata robo.

Sasa sikieni ilivyokufa.

Ni betri ya asidi, volti 48, seli 24 za volti mbili mbili, kila seli na kizibo chake. Ukiichaji, maji yanapungua. Unayoongeza ni maji ya betri yale safi yasiyo na chumvi, na unaongeza chaji ikishajaa, si kabla. Kabla ya kuchaji unagusia kidogo tu endapo pleti, yale mabamba ya risasi ndani ya seli, zimebaki wazi. Fundi aliyeleta mashine alitufundisha haya siku ya kwanza kwa nusu saa, tukaandika kwenye daftari.

Akaja meneja mpya. Akapitia orodha ya manunuzi, akafuta maji ya betri. "Maji ni maji, bomba si lipo?" Mimi nikagoma. Wa shifti ya usiku naye ana watoto wanne, akatii, akajaza maji ya bomba mpaka mdomoni, tena kabla ya kuchaji. Usiku betri ikapata joto, maji yakavimba, asidi ikamwagika. Asubuhi sakafu inatoa povu, sanduku la betri limeanza kuliwa, na suruali yangu ya kazi ina matundu kama chekeche. Tukaomba magadi ya kumwagia pale yaue asidi, tukaambiwa tupige maji ya mpira.

Chaji nayo vituko. Betri ile inataka kama saa nane mfululizo, halafu ipumzike ipoe. Meneja akaamuru tuchomeke wakati wa chakula, dakika 30, tuchomoe, jioni dakika 20, tuchomoe. Ongeza na umeme kukatika. Msimu ukikolea tunaiendesha mpaka mashine inatambaa, wakati tulifundishwa ikibaki asilimia 20 uipeleke kwenye chaja, basi. Na humo ndani ni chumba cha baridi, nje ni baridi ya Uyole ya mwezi wa saba. Baridi inapunguza nguvu ya betri hata ikiwa mpya, sembuse hii.

Cheni na grisi siongelei sana. Cheni za mlingoti, ule mnara wa mbele unaopandisha uma, zinalia hadi mlinzi wa getini anajua nimebeba paleti. Grisi tuliletewa kopo moja tangu Januari.

Mwezi uliopita akaitwa fundi, akapima kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi kinachoonyesha chaji imejaa kiasi gani. Seli iliyojaa chaji inasoma kama 1.280. Zetu sita hazikufika hata 1.200 baada ya chaji ya usiku kucha. Akafungua vizibo, pleti zimepauka nyeupe. Akamwambia meneja mbele yetu: hii imekaa na njaa ya chaji muda mrefu na imenyweshwa maji machafu. Meneja akajibu nini? "Si tufunge betri nne za lori? Kumi na mbili mara nne ni 48."

Nilicheka kwa sauti, na nadhani ndiyo kosa langu kubwa hapo kazini. Mheshimiwa, ile betri ina uzito wa karibu tani moja, na uzito huo ndio unaoshikilia nyuma ya mashine unaponyanyua mzigo mbele. Weka betri za lori halafu beba paleti ya parachichi, uone foklifti inavyosujudu. Na za lori zimetengenezwa kuwasha injini, si kufanya kazi kutwa nzima.

Kwa wanaojua sheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri hakukati kwa hasara hivi hivi. Lazima kosa liwe lako, akuandikie sababu na kiasi, na akupe nafasi ya kupinga. Tangazo la ukutani ndiyo barua? Kama kuna aliyewahi kupeleka jambo kama hili Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, naomba aje hapa aseme alianzia wapi.

Maana mimi nina daftari. Kila asubuhi kabla ya kuwasha nakagua na kuandika: uma, cheni, matairi, breki, honi, oili inavuja au haivuji, maji ya betri. Kuanzia Machi kuna mstari unajirudia: "Maji ya betri hakuna, naomba." Pembeni kuna sahihi ya msimamizi, na mara mbili ni ya meneja mwenyewe, kwa kalamu yake nyekundu.

Leo mchana kamtuma karani akalichukue daftari. Nimemwambia lipo nyumbani. Na kweli lipo nyumbani, chini ya godoro.