Kutoka GORM kwenda sqlc, nani amehama?

fundi_wa_ntinda:
Wakuu habari. Tuna sistimu ya SACCO ya watu wa boda hapa Kampala, imeandikwa kwa Go, databesi PostgreSQL, kila kitu kinapita GORM, ile laibrari inayokuandikia SQL yenyewe. Sasa mwanachama anamaliza mkopo, salio linatakiwa liwe 0 lakini kwa databesi linabaki lile la zamani, mtu anapigiwa simu ya deni na alishalipa kwa mobile money! Nasikia sqlc unaandika SQL mwenyewe, yenyewe inakutolea fankisheni za Go. Ila tuna ripoti yenye filta kibao, tarehe, stendi, aina ya mkopo, hiyo inakuwaje?

mzee_wa_jinja:
Banange, hilo la 0 si bagi, ndivyo GORM ilivyo. Ukiita Updates ukaipa struct inaruka kila kilicho sifuri: 0, false, string tupu. Weka Select (unataja kolamu za kubadilisha) au tumia map, leo leo, watu waache kusumbuliwa. Kuhama mtaongea baadaye.

kweri_tupu:
Mzee kasema kweli, lakini sisi tulihama na siwezi kurudi. sqlc inasoma skima, hata mafaili yako ya goose (yale ya kubadilisha skima) inayaelewa, juu ya kila kweri unaweka komenti kama `-- name: FungaMkopo :exec` (au :one, :many), unarun `sqlc generate` basi. Ukikosea jina la kolamu inakataa palepale. Hamisha kweri moja moja, ukibaki na database/sql (pakeji ya Go yenyewe) unachukua `db.DB()` ya GORM unaipa sqlc, zinatumia koneksheni zilezile. Ila transaksheni moja isiwe nusu huku nusu kule, hasa kwenye pesa za watu.

fundi_wa_ntinda:
Asante ssebo, Select nimeweka. Na zile filta?

kweri_tupu:
Filta ya hiari: `(sqlc.narg('stendi')::text IS NULL OR stendi = sqlc.narg('stendi'))`. Hiyo narg ni parameta inayoweza kuwa NULL, ikiwa NULL filta inarukwa. Zikiwa tatu nne inavumilika.

mzee_wa_jinja:
Inavumilika mpaka bosi aseme anataka kusoti kwa kolamu yoyote, hapo unaanza kuandika CASE mpaka macho yanauma. Mimi ripoti kama hiyo ningeiacha kwa squirrel (laibrari ya kujenga kweri kwa kodi ya Go), zingine zote sqlc. Na jiandae na sql.NullTime kwa kila tarehe inayoweza kuwa tupu, inachosha kweli.

kweri_tupu:
Kwa pgx (draiva ya PostgreSQL) kwenye konfigi ya sqlc weka `emit_pointers_for_null_types: true`, string na namba tupu zinakuja kama pointa. Squirrel kwa ripoti sina ubishi.